Mwambie Munganga Kazi Unayoifanya

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo hatuzungumzi juu ya kofia wala kamba. Tunajifunza namna ya kusema ugonjwa wetu mpaka usikike.

Hali yenyewe unaijua. Umelala vibaya, kichwa kinagonga, nguvu zimekwisha. Asubuhi unakwenda kituo cha afya, hapo Lubondja au pengine popote katika Fizi, unangoja kwenye benchi pamoja na mama wenye watoto wachanga. Zamu yako inafika. Unaanza: "Baba munganga, kichwa kinaniuma..." Kabla hujafika neno la pili, kalamu imekwisha kuandika: malaria. Unatoka na dawa mkononi, na lile jambo ulilotaka kusema unarudi nalo nyumbani.

Usidhani ni kwetu peke yetu. Mwaka 1984, huko Marekani, watafiti wawili, Beckman na Frankel, walichunguza mazungumzo 74 ya wagonjwa na madaktari yaliyorekodiwa. Waliona kwamba daktari alimkata mgonjwa maneno baada ya sekunde 18 hivi. Na wale wachache walioachwa wamalize, hakuna aliyepita dakika mbili na nusu. Kufunga viatu vya kazi kunakula muda kama huo.

Kwa mtu wa mgodi, kukatwa maneno kunaweza kuleta kifo, kwa sababu magonjwa ya mgodi yanapenda kuvaa nguo ya malaria. Tuchukue mfano. Shimo limejaa maji. Watu wanashusha motopompe ya esanse ndani ili kuyavuta. Mashine ile inatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Baada ya muda mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea. Akitoka nje anapata nafuu kidogo. Kesho yake akimwambia munganga "kichwa na kutapika" tu, atapewa dawa ya malaria, na keshokutwa atashuka tena katika shimo lile lile. Lakini akisema: "Tulikuwa wanne chini, mashine inawaka, na wote wanne tuliumwa saa moja," mambo yanageuka. Malaria haiwapigi watu wanne kwa saa moja, kisha ikawaachilia wakipanda juu.

(Na hapa hatungoji munganga: mashine ya esanse haishuki shimoni hata siku moja. Mwenzako akianguka chini, usiruke kumfuata bila hewa safi kuingizwa kwanza. Wengi waliokufa hivyo walikuwa waokoaji.)

Mfano wa pili ni wa zebaki. Yule anayekamata dhahabu kwa zebaki, kisha akachoma lile donge juu ya moto, anavuta mvuke ambao jicho halioni. Ukiingia mwingi kwa mara moja, kifua kinabana na kikohozi kinamshika. Ukiingia kidogo kidogo kwa miezi, mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, mtu anasahau, anakuwa mkali bila sababu, mdomoni anasikia ladha ya chuma. Nyumbani wanasema amebadilika tabia. Wengine wanasema amelogwa, au ni pombe. Kipimo cha malaria hakitaonyesha zebaki hata kikirudiwa mara kumi. Na kama donge linachomwa jikoni, mvuke ule unawafikia watoto na mama mwenye mimba ambao hawakushika jembe wala karai.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1700, katika mji wa Modena, Italia, daktari Bernardino Ramazzini alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Sura ya kwanza ni ya wachimba madini. Inayofuata ni ya mafundi wa kupaka dhahabu, ambao walichanganya dhahabu na zebaki kisha wakaifukuza zebaki kwa moto, kama inavyofanywa leo kwenye machimbo mengi. Aliwaona wakitetemeka na kukosa pumzi. Ramazzini aliwafundisha madaktari wenzake kuongeza swali moja katika yale ya zamani: mgonjwa anafanya kazi gani? Miaka zaidi ya 300 imepita, na swali hilo bado linasahauliwa kwenye meza nyingi. Basi kama halikuulizwa, lijibu hivyo hivyo.

Vumbi la mawe nalo lina hadithi ndefu, tutaisema kwa kifupi. Mtu wa mgodi akikohoa majuma mawili au zaidi, makohozi yapimwe kifua kikuu, kwani vumbi linaifungulia njia kifua kikuu. Lakini vumbi lenyewe pia linaharibu mapafu, na madhara hayo hayaponi kwa dawa za kifua kikuu. Hapa tunawafikiria hasa mama wanaotwanga mawe. Kwenye fishi yao huandikwa "mama wa nyumba" au "mlimaji," na kila siku wanavuta vumbi lile kinu kinapolia. Mama, sema kwamba unatwanga. Sema tangu mwaka gani.

Neno moja juu ya kipimo cha kidole. Katika nchi yetu yenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu huku ugonjwa unaomwangusha ni mwingine. Kwa hiyo hata kipimo kikisema "ndiyo," maliza maneno yako. Kunywa dawa uliyopewa. Homa isipokwisha kwa siku tatu, rudi pale pale ukiwa na pakiti ya dawa mkononi. Usihame kwenda duka la dawa kununua nyingine, maana kule unaanza upya mbele ya mtu asiyejua kitu. Na hali ikiwa mbaya kabla ya siku hizo tatu, usizingoje.

Sasa, namna ya kusema. Usianze na kichwa, maana kila mtu anaanza na kichwa. Anza na kazi. Kwa mfano: "Baba munganga, mimi ninachoma dhahabu tangu mwaka jana. Mikono inatetemeka nikishika kikombe. Ilianza kabla ya mvua. Nikikaa siku chache bila kuchoma, inapungua." Maneno hayo hayafiki nusu dakika, na ndani yake mna kazi, siku na kinachozidisha. Taja dawa ulizokwisha kunywa, hata za majani, bila haya. Akikukata, usinyamaze wala usikasirike: "Munganga, samahani, kumebaki neno moja." Wengi watainua kichwa. Tusisahau kwamba na yeye yuko peke yake, na benchi nje limejaa.

Lugha nayo inafunga watu mdomo. Mzee anayesema Kibembe tu, mbele ya munganga aliyetoka Bukavu, atajibu "ndiyo" kwa kila swali ili amalize. Mpeleke na mtu anayejua lugha zote mbili, lakini yule mtu asiseme mahali pa mgonjwa. Atafsiri tu. Tumeona mara nyingi mlinzi wa mgonjwa akieleza yote, na mgonjwa ameketi kando kama mzigo. Na kama ni mambo ya mwili wa mama, mlinzi awe mwanamke, siyo shemeji.

Na ukiona kweli hukusikilizwa, usiishie kulalamika kwenye njia. Rudi umwone mkubwa wa kituo, yule infirmier titulaire, umweleze kwa heshima. Asipopatikana, kila eneo la afya lina kamati yake, CODESA, na wajumbe wake ni raia kama wewe. Kazi yao ni pamoja na kufikisha sauti ya wakaaji kwa kituo, na jambo zito linaweza kupelekwa mpaka kwa daktari mkuu wa zone ya afya. Omba pia sababu ya dalili isiyoeleweka iandikwe, na kama kituo hakiwezi, uliza juu ya karatasi ya kukutuma hospitali kuu.

Fishi za zamani usizitupe wala usifungie chumvi. Ziweke ndani ya mfuko wa plastiki, mahali mke au mume anapajua, na kwenye ile ya mwisho, juu kabisa, mwombe munganga aandike kazi yako.