Somo la Udongo: Tofali na Chungu

Wakulima wa Pwani wahitaji nyumba, ghala na sakafu imara. Saruji yanunuliwa kwa fedha, lakini udongo uko chini ya miguu. Basi ni haki mkulima aulize: Je, udongo wa shamba langu wafaa kwa matofali ya kuchoma? Yafaa kuupima kabla ya kukata kuni, kwa sababu kuni zilizoteketea hazirudi.

UDONGO WA MFINYANZI NI NINI?

Ni mwamba uliooza. Mvua na hewa hula mawe kwa maelfu ya miaka, zikabaki chembe ndogo mno. Chembe ya mchanga waiona kwa macho. Chembe ya udongo wa mfinyanzi haifiki milimita 0.002, nayo ni bapa kama gamba la samaki. Maji yakiingia kati ya magamba hayo, huteleza moja juu ya jingine bila kuachana, na udongo hukubali umbo lolote. Maji yakitoka, magamba husogeleana na udongo hunywea. Ukikauka kwa haraka, hupasuka. Wazee walisema, "Udongo uwahi ungali maji."

MOTO HUFANYA NINI?

Kwanza, karibu na digrii 100, maji yaliyobaki hugeuka mvuke. Moto ukiwa mkali mapema, mvuke hukosa njia na tofali hupasuka. Kati ya digrii 450 na 600 hutoka maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe. Kuanzia hapo udongo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Karibu na digrii 900 hadi 1,000, chembe huanza kuyeyuka kidogo na kushikana. Hapo ndipo tofali hupata nguvu. Rangi nyekundu hutokana na chuma kilichomo udongoni.

Chungu huchomwa kwa moto mdogo kuliko huo, nacho hubaki na matundu madogo sana. Ndiyo sababu maji ya mtungi huwa baridi: machache hupenya, hukauka nje, na huondoka na joto. Kazi hii si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Robert Soper alichimba huko Kwale vyungu vya watu waliofua chuma karne ya 3 hivi.

HATARI YA PWANI

Mahali pengi hapa petu, chini ya udongo pana mawe ya matumbawe. Kila mtu ajua kwamba matumbawe yakichomwa huwa chokaa, na chokaa mbichi ikimwagiwa maji huchemka na kufura. Kipande cha tumbawe kilichofichwa ndani ya tofali hufanya vivyo hivyo. Tofali hutoka tanurini likiwa zuri, kisha hunywa unyevu wa hewa, kile kipande hufura, na tofali hubanduka au kupasuka. Mwenye nyumba hulaumu moto, kumbe kosa lilikuwa katika udongo. Tope la mikokoni nalo lina chumvi, usilitumie.

PIMA HIVI

1. Tia udongo katika chupa hadi nusu, jaza maji, tikisa, uache siku moja. Mchanga hukaa chini, udongo wa mfinyanzi juu. Ukiwa robo hadi thuluthi ya wote, wafaa kwa matofali.

2. Finyanga kipande cha mche, uchore mstari wa sentimita 10. Kikikauka kivulini, pima tena. Mstari ukipungua zaidi ya sentimita 1, ongeza mchanga. Wafinyanzi huongeza pia vigae vilivyopondwa.

3. Kamulia ndimu juu ya udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa. Tafuta mahali pengine.

4. Ukifaulu, fyatua matofali 20 tu. Yakaushe kivulini wiki mbili, ukiyageuza. Yachome kwa moto mdogo mpaka mvuke mweupe uishe, ndipo uongeze. Yaache yapoe polepole. Kisha yaloweke siku moja na uyaweke nje siku 14. Yasipobanduka, fanya kazi kubwa.

Udongo ukikataa, usione haya. Mawe ya matumbawe, au fito na udongo, vimejenga nyumba nyingi za Pwani. Usikate mikoko wala miti ya Kaya kwa ajili ya tanuri. Tumia vifuu, makumbi na matawi ya miti mizee. Tena fukia shimo ulilochimba, lisije likawa dimbwi la mbu.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

1. Kwa nini tofali lililochomwa vema haliyeyuki mvuani?
2. Kwa nini moto wa kwanza uwe mdogo?
3. Ni nani kati yenu ana udongo utoao povu kwa ndimu, na waliochimbwa wapi?