SOMO: Orodha ya Jamaa Isipotee Ndani ya Kompyuta



Mara nyingi orodha ya wahamishwa huandikwa kwanza katika jedwali la Excel, kisha huhamishwa katika hifadhidata, yaani ghala la habari linalotumiwa kugawa misaada. Makosa huingia wakati wa kuhamisha. Jamaa isipoonekana, inakosa chakula. Ikionekana mara mbili, majirani wananung'unika, na chuki inaanza. Basi tujifunze kukagua.

1. Mchoro. Mchoro wa nguzo au wa duara ni picha tu. Rudini kwenye jedwali lililouzaa, mhamishe tarakimu zenyewe.

2. Visanduku vilivyounganishwa. Jina la kijiji likiandikwa mara moja kwa mistari 10, litabaki kwa jamaa ya kwanza. Zile 9 zitakosa kijiji. Tenganisheni visanduku, mwandike kijiji kwenye kila mstari.

3. Namba za simu. Kwetu Kongo huanza na sifuri. Kompyuta ikidhani ni hesabu, hufuta sifuri hiyo, na tarakimu 10 zinabaki 9. Pangeni safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuijaza.

4. Tarehe. Kwetu 05/03/2024 ni tarehe 5 Machi. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani husoma 3 Mei. Andikeni 2024-03-05, mwaka ukitangulia.

5. Majina. Nom, postnom na prénom, kila moja liwe na safu yake. Mpangilio ukibadilika, mama mmoja huhesabiwa kama wawili.

Mkisha kuhamisha, hesabuni. Jedwali likiwa na jamaa 412 na hifadhidata 409, tafuteni zile 3 kabla ya siku ya mgao. Orodha ya kwanza msiifute.

Tena, msibandike majina ukutani: wengine wamekimbia watu wanaowatafuta. Kila jamaa ihakikishe mstari wake mbele ya komite yenye wanaume, wanawake na mjumbe wa wenyeji.

Maswali ya kuzungumzia:
– Jamaa iliyosahaulika kwetu inamwendea nani?
– Tutawaelezaje wenzetu kosa la orodha kabla halijageuka ugomvi?

Orodha ya haki hulinda amani.