Moto wa Chini ya Ardhi

Watu wengi wa Bukavu hupika kwa makala. Mchoma makala hupanga miti, huifunika kwa majani na udongo, kisha hutia moto. Moto huo hauonekani, lakini moshi hutoka siku nyingi. Udongo ukitoboka na hewa nyingi ikaingia, miti huwa majivu.

Moto wataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Ondoa kimoja, moto utakufa. Maji huondoa joto. Mchanga huzuia hewa.

Kuna makaa mengine yasiyotengenezwa na mtu. Hayo ni makaa ya mawe, nayo huchimbwa ardhini. Katika Kongo yalichimbwa Luena na karibu na Kalemie. Katika nchi nyingine makaa ya mawe yameshika moto humo humo chini.

Ndivyo ilivyokuwa Centralia, mji mdogo wa Marekani. Mwaka 1962 takataka zilichomwa katika shimo la zamani, na moto ukafika kwenye makaa ya mawe. Watu walichimba mitaro. Wakamimina chini maji na changarawe. Moto haukuzimika. Kwa nini?

Kwanza, makaa ni mengi, nayo yameenea mbali chini ya mlima. Pili, hewa hupita katika nyufa na katika njia za wachimbaji wa zamani. Ziba tundu moja, hewa itapata lingine. Tena makaa yakiisha kuungua, ardhi hubomoka na kufanya nyufa mpya. Tatu, mawe hutunza joto kama mafiga. Maji yakikauka, moto uliolala huamka.

Mwaka 1981 ardhi ya Centralia ilididimia chini ya mtoto wa miaka 12. Alishika mizizi ya mti, na ndugu yake akamvuta. Shimoni mlikuwa na joto kali na hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hutoka hata katika mbabula, nayo huua watu waliolala katika nyumba iliyofungwa.

Tangu mwaka 1984 serikali ilitoa fedha ili watu wahame. Karibu wote waliondoka. Moto ungali unawaka.

Moto huzimwa ungali mdogo.

MAULIZO
1. Moto wataka vitu gani vitatu?
2. Kwa nini maji hayakuuzima moto wa Centralia?
3. Kwa nini ni hatari kulala na mbabula ndani ya nyumba?