Picha Halisi na Picha Sanisi: Kubana na Kuzalisha Mitazamo ya Kamera

Utangulizi

Picha za tukio moja zilizopigwa kutoka pande kadhaa huweza kubanwa, na kutokana nazo ukasanisiwa mtazamo ambao haukupigwa na kamera yoyote. Makala haya yanadai kuwa shughuli zote mbili hutegemea ukisiaji, ila makisio yake si ya aina moja, na Kiswahili hakina budi kuyatofautisha.

Ubanaji

Tuchukue mfano wa kubuni: arusi katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, inayopigwa picha kwa kamera 8 zilizopangwa safu moja. Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye baiti 3 kwa kila pikseli, ina baiti 6,220,800. Kwa picha 25 kila sekunde, kamera zote hutoa takriban baiti bilioni 1.24 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya data hiyo ni marudio: bibi arusi ni yule yule, ila amesogea kidogo kutoka picha hadi picha. Hivyo, picha ya kamera moja huhifadhiwa kwa kujitegemea, za jirani zikakisiwa kutokana nayo, na kasoro za makisio hayo zikaandikwa ili zisahihishwe.

Usanisi

Kusogea huko hufichua umbali. Kamera zikiwa sambamba, kitu kilicho mbali mara mbili husogea nusu. Kompyuta ikishajua umbali wa kila pikseli, huihamishia mahali ambapo ingeonekana kwa kamera ya kudhaniwa, tuseme kati ya kamera ya 3 na ya 4. Lakini kilichofichwa na nguzo kisionwe na kamera yoyote huacha pengo, na pengo hilo huzibwa kwa rangi za jirani. Mbinu ya NeRF, iliyotolewa mwaka 2020, hujifunza umbo la mahali kutokana na picha nyingi. Hata hivyo nayo haishuhudii kisichoonwa.

Hitimisho

Katika ubanaji, kisio hupimwa kwa picha iliyopigwa. Katika usanisi, hakuna picha ya kulipimia. Mwanafasihi anaijua tofauti hii: masimulizi ya wahusika wengi huweza kumzaa msimulizi mpya, lakini huyo hakuwapo. Katika albamu ya arusi kosa husameheka. Mahakamani huweza kumfunga mtu. Kwa hiyo inapendekezwa iliyopigwa iitwe picha halisi, na iliyozalishwa iitwe picha sanisi.