Sauti Ifike kwa Mama wa Nyuma
Somo kwa vikundi: jinsi ya kuchagua vyombo vya sauti vya mikutano na michezo ya nje



Kila tunapowatembelea Kibera na Kawangware mnatuuliza swali moja: "Tununue kipaza sauti gani, na kisitumalizie pesa?" Wanaouliza ni vilabu vya mpira, vya sarakasi, vya michezo ya kuigiza, vikundi vya ngoma, hata wazee wanaocheza drafti na sasa wanataka kuandaa mashindano yao uwanjani. Ni swali zuri. Tutalijibu hatua kwa hatua. Someni somo hili pamoja kwenye mkutano wenu, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

TUANZE NA KISA

Mwaka wa 2017 klabu moja ya vijana wa Kawangware ilikuwa na wanachama 20. Kila mmoja alitoa shilingi 100 kwa mwezi. Baada ya miezi 14 walikuwa na shilingi 28,000. Wakaenda mjini wakanunua spika mbili za sanduku zenye taa za rangi, zimeandikwa maelfu ya wati. Sisi tuliokuwa tukiwashauri tulikuwa nao dukani. Tulisikia muziki ukigonga mpaka vioo vikatetemeka, tukasema, "Hii ni sawa kabisa." Kosa hilo lilikuwa letu pia.

Siku ya mashindano watu walijaa uwanja wa shule. Wakati wa mapumziko mwenyekiti alitangaza jambo la maana: fomu za basari zirudishwe kwa ofisi ya chifu kabla ya Jumatatu jioni. Waliokuwa mbele walisikia. Waliokaa nyuma karibu na ua walisikia mvumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Alhamisi mama mmoja akaja na fomu ya mtoto wake, imejazwa vizuri na kufungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Alikuwa amechelewa siku tatu. Hakugombana na mtu. Alisema tu, "Mimi nilikuwa hapo uwanjani, lakini huku nyuma hatukusikia kitu."

Baadaye maneno yakaanza kwenye kikundi. Wengine walisema mwekahazina amekula pesa, ndiyo sababu vyombo ni vibaya. Hakuwa amekula hata shilingi moja, na risiti ilikuwepo, lakini aliacha kuja mikutanoni karibu mwaka mzima.

Tulijifunza jambo moja, na ndilo somo lenyewe: kipaza sauti hakinunuliwi kwa ajili ya anayeshika maiki. Kinanunuliwa kwa ajili ya mtu aliye nyuma kabisa.

1. PIMENI UWANJA KABLA YA KUHESABU PESA

Nendeni mahali mnapofanyia shughuli zenu. Mmoja asimame pale maiki itakapokuwa, mwingine atembee mpaka pale mtu wa mwisho atakapokaa, akihesabu hatua. Andikeni pia: watu watakuwa wangapi? Ni maneno tu, au na muziki? Stima iko karibu? Kuna kelele gani nyingine?

Mahali hapafanani. Kikundi kinachokutana kwenye ua mdogo kule Gatina hakihitaji vyombo sawa na kikundi kinachotumia uwanja wa Kamukunji, Kibera. Kama watu ni 40 na wa mwisho yuko hatua 20, kipaza sauti cha mkono, kile cha kushika na kubonyeza, kinaweza kutosha. Msiaibike kununua kidogo kinachofanya kazi.

2. SAUTI HUPUNGUA VIPI?

Nje hakuna kuta wala paa la kurudisha sauti, kwa hivyo inatawanyika. Sauti hupimwa kwa desibeli, kama unga unavyopimwa kwa kilo. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Ikiwa ni desibeli 100 mita 1 mbele ya spika, kwa mita 2 ni 94, kwa mita 4 ni 88, kwa mita 8 ni 82, kwa mita 16 ni 76, na kwa mita 32 ni 70. Watu wanaoongea kando yako hufikia karibu 60. Ongezeni watoto, firimbi na matatu za barabarani, mtaona kwa nini yule mama hakusikia.

Na wati je? Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Maana yake, ili mtu aliye mbali mara mbili asikie sawa na wa karibu, wati lazima ziwe mara 4. Kwa hivyo kuongeza wati peke yake ni njia ya gharama.

3. HONI AU SANDUKU?

Spika ya honi ni ile yenye mdomo mpana kama tarumbeta, tunayoiona juu ya misikiti na kwenye magari ya matangazo. Wengi huidharau kwa sababu haina besi. Lakini kwa maneno ni hodari. Honi nzuri ikipewa wati 1 hutoa desibeli 105 hivi ukiwa mita 1. Sanduku nyingi za bei nafuu hutoa karibu 90. Tofauti hiyo ya desibeli 15 ni sawa na kuongeza wati mara 30.

Basi, kama kazi yenu ni kutangaza mechi, kuita majina na kutoa matangazo, chukueni honi mbili na amplifaya ndogo. Kama ni ngoma na muziki wa sarakasi, mtahitaji sanduku, maana honi huufanya muziki uwe mkali na mwembamba. Kama ni vyote viwili, anzeni na kile mnachofanya mara nyingi zaidi, hicho kingine mkikodi.

Popote mnapoweka spika, ziinueni juu ya vichwa vya watu. Miili ya watu hunyonya sauti. Spika iliyo chini inasikika kwa mstari wa kwanza tu. Mti imara au meza mbili zilizofungwa vizuri zinaweza kuongeza zaidi ya shilingi elfu kadhaa zingeongeza. Kama upepo ni mkali, panga watu upande ule upepo unakokwenda.

4. MSIDANGANYWE NA WATI ZA KARATASI

Kwenye masanduku mengi utaona maandishi PMPO na nambari kubwa sana. Hicho si kipimo cha kazi. Ni nambari ya kuuzia. Ulizeni wati za RMS, yaani zile chombo kinaweza kutoa kwa kuendelea bila kuungua. Spika iliyoandikwa PMPO 5,000 inaweza kuwa na RMS chini ya 50. Muuzaji akishindwa kuonyesha RMS kwenye kitabu au nyuma ya chombo, ondokeni polepole na kwa heshima.

Angalieni pia ohm. Amplifaya ikiandikwa kwamba mwisho wake ni ohm 4, msiiunganishe na spika nne za ohm 8 kwa pamoja sambamba, kwa sababu zote zitakuwa ohm 2 na amplifaya itaungua. Fundi wa redio wa mtaani kwenu analijua jambo hili. Mwiteni, mlipeni nauli na chai, aende nanyi dukani. Barabara ya Luthuli ina maduka mengi ya vyombo hivi, kwa hivyo msinunue kwenye duka la kwanza. Ulizeni vipuri, ulizeni garantii, na risiti iandikwe jina la kikundi, si la mtu.

5. JARIBIO LA MAJINA KUMI

Dukani kila chombo kina sauti kubwa, kwa sababu chumba ni kidogo. Jaribio la kweli ni nje. Kodini chombo cha aina ile mnayoitaka kwa shughuli moja kwanza. Mmoja asimame pale pa mtu wa mwisho, ageuke asione mdomo wa msomaji, awe na kalamu na karatasi. Kwenye maiki mwingine asome majina kumi bila kurudia: Silanga, Gatina, Lindi, Makina, Kabiria, na mengine. Akiandika manane au zaidi sawasawa, chombo kinafaa. Akiandika matano, hakifai, hata kama kinatetemesha ardhi.

6. MAIKI NA MLUZI

Maiki ya waya ni nafuu, haihitaji betri na haipotezi mawimbi. Ya bila waya ni nzuri kwa wanaoigiza na wanaocheza, lakini ikiwa ya bei ya chini sana itawakatikia katikati ya maneno. Kama ni ya kwanza, nunueni ya waya.

Ule mluzi unaoumiza masikio hutokea wakati maiki inasikia sauti ya spika na kuirudisha tena. Dawa yake haina gharama: spika ziwe mbele ya msemaji zikitazama watu, maiki iwe nyuma yake na karibu na mdomo. Tena mfundisheni msemaji kusema polepole. Hakuna mashine inayomsaidia mtu anayekimbiza maneno.

7. STIMA

Chagueni amplifaya inayotumia stima ya kawaida na pia betri ya gari ya volti 12. Betri ya ampea-saa 70 msiimalize, maana itakufa mapema. Tumieni nusu, yaani 35. Amplifaya ndogo ikivuta ampea 5 kwa wastani, mtapata saa 7. Hiyo ni shughuli nzima. Chajini betri mahali penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu hutoa gesi inayoshika moto.

Jambo moja tunalisema bila kuzunguka: msivute waya kutoka stima ya sambaza. Uwanja ukiwa na tope na watoto wakiwa miguu mitupu, waya uliochunika unaua. Hakuna shughuli ya klabu inayostahili kifo. Mvua ikianza, zimeni kwanza, kisha ndiyo mkimbie.

8. KUKODI AU KUNUNUA?

Tuchukue mfano. Tuseme kukodi ni shilingi 2,500 kwa siku, na vyombo vinavyowafaa ni shilingi 40,000. Kama mna shughuli 4 kwa mwaka, kukodi ni shilingi 10,000. Itachukua miaka 4 kabla ununuzi haujalipa, na katikati betri itakuwa imezeeka. Kodini. Kama mna shughuli 12 kwa mwaka, kukodi ni shilingi 30,000, na hapo kununua kuna maana. Njia ya tatu ni vikundi viwili au vitatu kununua pamoja, ila muandike makubaliano kabla ya pesa kutoka.

Ile klabu ya Kawangware ilikodi mwaka mzima ikijaribu vyombo mbalimbali. Baadaye wakanunua honi mbili na amplifaya iliyotumika, baada ya kupita jaribio la majina kumi. Zile sanduku za taa wanazitumia kwa mazoezi ya ndani. Mwekahazina alirudi, na siku hiyo wanachama walimwomba msamaha mbele ya wote.

9. MAJIRANI NA SHERIA

Nyumba zetu nyingi ni za mabati. Sauti yenu inaingia kwa mgonjwa, kwa mtoto mchanga, na kwa mwanafunzi anayesomea mtihani. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka wa 2009 zinakataza kutumia vipaza sauti kwa namna ya kuwasumbua wengine, na zinahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Katiba ya 2010 imeweka kazi ya kuzuia kelele chini ya kaunti. Kwa hivyo kabla ya shughuli ulizeni ofisi ya kaunti kuhusu kibali, na mwarifu chifu na OCS mapema. Elekezeni spika kwa watu wenu, si kwa nyumba za watu. Pia tumeni watu wawili wabishe hodi kwa majirani na kuwaambia mtamaliza saa ngapi, kisha mmalize saa hiyo.

10. NANI ANAWEKA?

Vyombo vya kikundi vikilala kwa mtu mmoja, baada ya muda vinakuwa vyake. Wekeni daftari: nani amechukua, siku gani, vimerudi vikiwa na hali gani. Mmoja aweke vyombo, mwingine aweke daftari. Kila anayekodi alipe, hata mwenyekiti. Nusu ya pesa hiyo iwe ya betri na matengenezo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika shughuli yetu ya mwisho, ni nani hakusikia? Tulimwuliza?
2. Kuna tangazo lililompita mtu kwa sababu hiyo? Lilimgharimu nini?
3. Kutoka kwa maiki mpaka mtu wa mwisho ni hatua ngapi? Tukapime wiki hii.
4. Tunahitaji vyombo mara ngapi kwa mwaka? Tukodi, tununue, au tushirikiane na kikundi kingine?
5. Tukikosea kununua, tutakubali kosa pamoja, au tutamtafuta mmoja wa kulaumu?

Mkishajadili, andikeni mliyoamua na nani atafanya nini kabla ya mkutano ujao. Na siku mtakapowasha chombo chenu mara ya kwanza, kabla hamjasema lolote, mtumeni mtoto akimbie mpaka nyuma kabisa akaulize: "Mama, huku mnasikia?"