Dondoo muhimu: Umeme wa gridi si sawa na wa betri

Umeme wa gridi nchini Tanzania na Kenya ni mkondo geu: hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Wa sola na betri ni mkondo mnyoofu, huenda upande mmoja tu.

Kabla ya kuchomeka kifaa, soma kibandiko chake. Kiwimbi (~) ni mkondo geu. Mstari wenye vijistari chini yake ni mkondo mnyoofu. Chaja ya simu huwa na alama zote mbili, maana hupokea ule na kutoa huu.

Kwenye betri, waya mwekundu uende chanya, mweusi hasi. Redio ikiunganishwa kinyume yaweza kuungua papo hapo.

Televisheni ya wati 100 ikitumia inveta (kifaa kinachogeuza mkondo mnyoofu kuwa mkondo geu) hunyonya zaidi ya ampea 8 kwenye betri ya volti 12. Kwa hiyo nyaya za betri ziwe nene na fupi.