SOMO LA WIKI: Titani inayobaki kwenye tangi la asidi

Msomaji anayefuatilia soko la metali huenda amejiuliza kwa nini kilo ya bamba jembamba la titani huuzwa ghali kuliko kilo ya bamba nene la daraja lile lile. Sehemu ya jibu imo ndani ya tangi la asidi.

Titani husifiwa kwa kutoliwa na kutu. Hewa huipa ganda jembamba la oksidi linaloikinga hata na maji ya bahari. Lakini inapopashwa moto mkali kiwandani, oksijeni hupenya ndani zaidi na kuacha tabaka gumu, lepesi kupasuka. Tabaka hilo halina budi kuondolewa, na bamba huchovywa katika mchanganyiko wa asidi mbili.

Asidi ya haidrofloriki ndiyo inayokula metali. Ikiwa peke yake hutoa haidrojeni, ambayo titani huinyonya na kudhoofika. Asidi ya naitriki huongezwa ili kupunguza madhara hayo. Kipimo cha kawaida ni takriban sehemu 10 za naitriki kwa 1 ya haidrofloriki.

Tupige hesabu. Bamba la mita 1 ya mraba, unene milimita 1, lina uzito wa kilo 4.5 hivi. Tuseme asidi imekula milimita 0.025 kila upande. Gramu 225 zimekwenda, yaani asilimia 5. Bamba la milimita 5 likiliwa kiasi hicho hicho, hasara ni asilimia 1 tu. Ongeza gharama ya asidi iliyochoka na ya kuisafisha kabla ya kuitupa. Yote hayo humwangukia mnunuzi.

Kwa hiyo bei ya chini mno iulizwe maswali. Aliyebana matumizi ya naitriki anaweza kukuuzia haidrojeni isiyoonekana kwa macho. Dai cheti cha vipimo: kwa titani ya daraja la 2, kiwango cha Marekani cha ASTM B265 hakiruhusu haidrojeni kuzidi asilimia 0.015.

Neno kwa wenye hisa: bei ya metali si bei ya mchanga. Madini mengi ya titani duniani, kama yale yaliyochimbwa Kwale, Kenya, hadi Desemba 2024, huishia kwenye rangi nyeupe. Habari njema za viwanda vya ndege si lazima ziwe habari njema za mgodi.